Shamba la Ndani ya Simu

Mume wangu Naftali ana mashamba mawili. Moja liko hapa Akheri, lina kahawa, migomba na nyanya zangu. La pili liko ndani ya simu, na hilo halijawahi kukosa maji hata siku moja.

Lilianza na tangazo. Mama amekumbatia mtoto kwenye nyumba inayovuja, mvua inawanyeshea, na wewe unaambiwa upakue gemu uwaokoe. Naftali ana huruma, akapakua. Ndani hakukuta mama wala mtoto, alikuta shamba la kabichi. "Labda wako mbele," akasema. Huu ni mwezi wa nane tangu alipakue, amefika hatua ya mia mbili na kumi, na mama yule hajaonekana.

Wa kwanza kulalamika ni yeye mwenyewe. "Matapeli hawa! Nikikuonyesha mche wa kahawa halafu nikakupa wa mpapai, si utanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi?" Kisha anakaa chini anapalilia kabichi. Wamemsoma vizuri. Asipofungua gemu asubuhi anakosa zawadi ya siku, akichelewa mazao yananyauka, na simu inalia: "Naftali, mazao yako yana kiu!" Imewahi kulia katikati ya mahubiri. Nikimwambia alifute, ananijibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimechoka na methali zake, jamani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yetu ya mfereji, saa nne mpaka saa sita. Zamu ni moja tu kwa wiki, na nyanya zilikuwa kwenye maua. Zikikosa maji na jua hili, ndiyo basi. Mimi nilikuwa sokoni Tengeru nauza ndizi. Yeye nilimwachia jembe mlangoni. Saa nne nikampigia, akakata. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu, vilevile. Nikajipa moyo kwamba mikono yake ina matope.

Niliporudi saa saba, jembe lilikuwa palepale, kavu. Mzee Abdiel, msimamizi wa mfereji, alikuwa ameshayageuza maji yaende kwa jirani.

"Nilipiga hodi, Mama Hope. Hakutoka mtu."

Naftali nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinamia simu.

"Baba Hope, mbona ulinikatia?"

"Ilikuwa siku ya mavuno. Simu ikiingia tu, gemu linajifunga."

Nililia. Nyanya ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kabichi zikimwita anaitika, na mimi nilimwita mara tatu.

Akaona aibu, akasema analifuta mbele yangu. Kabla ya kulifuta akalifungua kidogo, eti aliage. Tangazo likajaa kwenye kioo. Gemu jingine kabisa, lakini mama ni yuleyule, na mtoto yuleyule, na mvua. Kidole cha Naftali kikasimama.

"Mama Hope, hebu tazama," akasema taratibu. "Bado wananyeshewa."

"Mwambie akupigie simu," nikamjibu. "Utamkatia."