Sinia ya Waziri Mkuu Mpya

Waziri mkuu mpya hubeba sinia yake ya chai mwenyewe, na vikombe hugongana kidogo anapotembea. Mzee Alwyn, mhudumu wa chumba cha chai cha Bunge la Uingereza, humtambua kwa mlio huo. Chama cha waziri mkuu huyo kilikuwa kimegawanyika, kila upande na meza yake, na kura ya alasiri ingeweza kumwangusha. Siku hiyo akaipita meza ya wafuasi wake, akaketi na wale waliomkataa.

“Umepotea njia, mama?” Gethin, kiongozi wa wapinzani wake chamani, akamkejeli.

“Njia naijua, bwana. Bado unaweka sukari vijiko vitatu?” Akammiminia yeye kwanza.

Kengele ya kura ikalia. Gethin akaiacha chai, akamfungulia mlango.

“Tangulia, mama. Tuko nyuma yako.”

Alwyn akaibeba ile sinia hadi jikoni, kifua mbele.