Tumbaku ya Amani Niliitafuna Mimi

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike huko mbele kutafuta wa kulaumu. Si shetani, si jua la Lodwar, wala hakuna aliyenisukuma. Ni mimi na mdomo wangu huu!

Mimi ni mama wa makamo, Mturkana, nina kiduka hapa Kanamkemer, Lodwar. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya amani ya kina mama. Kazi yetu ni kupatanisha: waliogombania kisima, majirani waliotukanana, na zaidi ya yote ugomvi usiokwisha wa Kakuma kati ya wenyeji na wakimbizi wa kambini. Wanaume wakikutana kuhusu amani hutoa hotuba na kupigwa picha. Sisi tukikutana, kesho yake watu wanasalimiana. Niliringa na kazi hiyo, nisiwadanganye.

Kuna jambo jingine lazima mlijue. Nilikuwa nimeokoka, na siku ya ushuhuda nilisimama mbele ya kanisa zima nikatangaza kwamba nimeachana na tumbaku ya kutafuna. Makofi! Vigelegele! Mchungaji akawa ananitaja kama mfano kwenye mahubiri. Ukweli ni kwamba niliacha kununua. Kutamani sikuacha, jamani! Mteja akija dukani shavu limevimba kwa tumbaku, mate yananijaa hadi nashindwa kumrudishia chenji vizuri.

Sasa, ugomvi wenyewe. Huko Kakuma wasichana wawili waligombana kwenye bomba la maji. Mmoja ni Nyandeng wa kambini, mwenzake ni Akai wa upande wa mji. Foleni, maneno, jerikeni ikaruka, na Akai akaenda nyumbani bila jino la mbele. Mzee mmoja alitaka kupoza mambo, akasema kwani sisi zamani si tulikuwa tunang'oa meno wenyewe? Nakiru, mama yake Akai, ambaye anauza kuni na hana subira na wapuuzi, alimgeukia: "Ya chini, mzee! Tulikuwa tunang'oa ya chini! Hii imeenda ni ya juu!" Mzee akakumbuka ana mbuzi wa kuangalia.

Tungecheka yakaisha, lakini vijana wa mji wakaapa kwamba Nyandeng hatavuka laga tena. Laga ni ule mto mkavu ulio kati ya kambi na mji, na shule ya Nyandeng iko ng'ambo, upande wa mji. Huu ulikuwa mwaka wake wa mtihani. Basi msichana akaketi nyumbani, na siku zikawa zinakwenda.

Mwenyekiti wetu ni mwanamke mzee ambaye wote tunamwita Ata, yaani bibi. Ata alisema pale Kakuma hakutasemwa kitu cha maana, maana vijana watajaa madirishani. Akaagiza mama wawili, Nakiru na Achol, mama yake Nyandeng, waletwe Lodwar, wakae kwenye ukumbi pale Nawoitorong, waongee kama wazazi.

Kwetu ugomvi hauzungumzwi na midomo mikavu. Aliyekosa anakuja na tumbaku. Aliyekosewa akiipokea na kuiweka mdomoni, mnaanza kuongea. Akiikataa, kila mtu anabeba kiti chake. Hili nalijua tangu utotoni, kwa hiyo sina pa kujificha.

Lakini asubuhi hiyo nilisimama mlangoni na beseni. "Kina mama, ejok! Karibuni. Tumbaku yote hapa. Ukumbi una vigae, hatutaki mate. Sisi ni watu wa kisasa, mle ndani kuna soda."

Vigae! Nilisingizia vigae! Niliogopa kukaa chumba kimoja na wanawake wanaotafuna, nisije nikaaibika mbele ya kanisa.

Wakaguna, wakatoa. Mwisho akafika Achol, mrefu, kimya, macho mekundu kwa vumbi la safari. Mkononi alishika kipande cha leso kilichofungwa fundo.

"Dada, hii si ya mimi," akasema. "Hii ya huyu mama ya..."

"Sheria ni sheria, mama," nikamkata, nikakichukua kile kifurushi. Sikumwacha hata amalize. Sentensi moja tu ningemsikiliza, nisingekuwa naandika haya leo.

Nikapeleka beseni stoo ya jikoni. Nilitaka kuliweka chini nitoke. Kumbe fundo la leso lile limelegea, na harufu ikanifuata hadi mlangoni! Ile tumbaku ilikuwa nzuri, nyeusi, imechanganywa na magadi kwa mkono unaojua. Nikasema ninuse tu. Nikanusa. Nikasema nionje kidogo nijue ni ya wapi. Nikaonja. Muda si muda shavu limejaa, na donge jingine kubwa nimelificha kifuani, ndani ya sidiria, la kwenda nalo nyumbani. Mimi! Katibu!

Kifurushi kikabaki kimesinyaa. Pale kwenye rafu kulikuwa na pakiti ya majani ya chai. Yote ni meusi, yote ni makavu. Nikamimina, nikachanganya, nikafunga fundo. Nilidhani ni tumbaku yake mwenyewe ya njiani, atanung'unika kidogo yaishe.

Mara nasikia sauti ya Ata: "Katibu! Njoo utuombee, tuanze."

Ole wangu! Pa kutema hapakuwepo. Nikaingia mdomo umefungwa, nikainamisha kichwa, nikaomba kupitia puani. "Mmungu, mtubarki, mmen." Halafu nikameza yote. Ukumbi ulizunguka na mimi nikashika meza. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba siku hiyo Roho amenisaidia, maombi yangu huwa marefu mno.

Nakiru alikuwa ameketi ameupa mlango uso na Achol mgongo. Ata akawatazama wote wawili, akauliza, "Mgeni amekuja na mdomo mkavu?"

"Hapana, mama," Achol akasema. "Mimi naleta. Huyu alichukua kwa mlango."

Macho yote kwangu. "Si ulete!" Ata akasema.

Wenzangu, hapo ndipo pa kusema. Ningetamka tu: nimeila. Wangenicheka, wangenitukana, lakini yangeishia kwangu. Badala yake nilitembea hadi stoo, nikabeba kile kifurushi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sadaka, nikampa Achol. Achol akainama, akampa Nakiru. Nakiru alikaa nacho mapajani muda mrefu. Kisha taratibu akageuza kiti, akafungua fundo, akachota kiasi kizuri, akatia mdomoni. Chumba kizima kilishusha pumzi.

Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena.

"Majani ya chai!" Alitema yote kwenye vigae vyangu, akakung'uta na leso, akamtupia Achol. "Mtoto yangu amepoteza jino, mimi naletewa majani ya chai! Kwani mimi ni birika?"

"Wallahi mimi naleta tumbaku!" Achol alikuwa amesimama. "Wallahi! Natafuta mimi mwenyewe!"

"Basi imegeuka njiani!"

Nakiru akajifunga shuka, akatoka kwenda kutafuta gari la Kakuma. Achol alibaki ameshika leso tupu, anaigeuza huku na huku kama atakuta tumbaku yake kwenye pindo. Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Kina mama, soda zipo." Nilisema hivyo kweli! Nikikumbuka nataka ardhi inimeze.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Habari ilifika Kakuma kabla ya magari: wale wa kambini wamemtukana Nakiru kwa majani. Vijana wakazidi kuwa wakali. Mimi dukani nilikuwa natafuna lile donge kidogo kidogo, mlango nusu umefungwa. Halikuwa tamu tena, lakini nililimaliza.

Kisha Ata akanituma Kakuma. Achol alikuwa amesahau ile leso kwenye kiti, nami nimrudishie, na nikiwa huko nisikilize upepo.

Kule kambini nilimkuta Nyandeng peke yake, ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Alikuwa amevaa sare za shule. Sketi imepigwa pasi, soksi zimevutwa, viatu vinang'aa. Nikafikiri ameruhusiwa kurudi, nikafurahi kijinga.

"Unatoka shule?"

"Hapana, auntie. Navaa tu. Nikivaa, nasoma vizuri. Kengele ya shule nasikia kutoka hapa."

Nikamkabidhi leso. Akaikunja polepole, kisha akauliza bila kunitazama, "Auntie, ni kweli mama alifunga majani ya chai? Mimi sielewi. Alibadilisha sukari yetu yote na ile tumbaku. Hata majani ya chai sisi hatuna."

Nililia pale pale, mbele ya mtoto wa watu. Akaniletea maji kwenye kikombe, akidhani ni jua.

Nikavuka laga kwa miguu, viatu vimejaa mchanga, hadi kwa Nakiru. Nilimkuta anafunga mizigo ya kuni, Akai yuko kando yake. Sikuingia hata kivulini. Nikasema yote: beseni, vigae, stoo, sidiria, maombi ya puani, majani. Nikasema na habari ya sukari.

Akai ndiye aliyeanza kucheka, akafunika mdomo kwa mkono kuficha pengo lake, mabega yanatikisika.

"Iko wapi?" Nakiru akauliza.

"Nini?"

"Tumbaku yangu."

"Imekwisha, mama."

"Yote?"

"Yote."

Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Na kwa kanisa ulisema umewacha."

Nakiru akaingia ndani, akatoka na kikopo chake cha tumbaku, akajitupia shuka begani. "Twende. Wewe ndio utapita mbele, mimi nataka watu waone ni nani mwizi."

Tukavuka laga hivyo, mimi mbele kama mbuzi wa kupelekwa sokoni, Nakiru nyuma akinitangaza kwa kila tuliyekutana naye. Achol alikuwa amerudi kutoka kuchota maji. Alipomwona Nakiru mlangoni pake alishika ukuta. Nakiru alifungua kikopo, akachota, akampa yeye kwanza. Aliyekosewa ndiye aliyetoa! Hilo sijaliona kabla wala baada yake.

Wakatafuna. Kisha wakaanza kunisema. Nakiru kwa Kiturkana, Achol kwa Kiarabu cha Juba, na pale ambapo kimoja hakikutosha walikutana kwenye Kiswahili: "Hii mwanamke ni bure kabisa!" "Kabisa, dada, kabisa!" Walicheka hadi wakashikana mikono. Mimi nikatozwa faini ya sukari kutoka dukani kwangu kwa nyumba zote mbili. Kuhusu jino, Achol aliomba radhi mbele ya Akai mwenyewe, na Nyandeng naye akaomba, analia. Akai akasema sasa anapiga mbinja kupita msichana yeyote shuleni. Akawapigia, na kwa kweli ilikuwa kali.

Asubuhi iliyofuata Nakiru aliwavusha laga wasichana wote wawili, mmoja kila upande. Vijana walikuwa wameketi ukingoni kama kawaida yao. Hakuna aliyefungua kinywa.

Mimi nilipoteza ukatibu. Kanisani nilirudi mbele kutoa ushuhuda wa pili, na safari hii makofi yalikuwa machache. Kakuma nzima wananiita Mama Majani, hata madereva wa boda boda.

Dada zangu, wewe uliyewekwa mlangoni mahali watu wanapopatana, jihadhari na mikono yako, na zaidi jihadhari na haraka zako. Mgeni akianza kukueleza alichofunga kwenye leso, nyamaza hadi amalize. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujamfanya mtoto wa mwenzako avae sare akachambue maharagwe.

Kamati haikunifukuza kabisa. Ata alinipa kazi nyingine: mimi ndiye ninayebeba tumbaku ya mikutano, kutoka sokoni hadi mezani. Nilidhani ananikomoa, kumbe ananiamini. Yaani, karibu aniamini. Maana kila nikifika mlangoni, mbele ya wageni wote, bado ananishika kidevu na kusema, "Fungua mdomo."