Tulivyomlilia mke wa senema

Wenzangu, leo hata chakula hakipiti.

Mchana tulikwenda onyesho la wanawake, senema ya Kihindi. Mke anapigwa, sote tunalia. Alipomwacha mumewe, tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka!

Tulipotoka juani, nikaliona jicho la jirani yangu Zuhura. Limevimba, jeusi. Kazi ya mumewe.

"Na mimi nnarejea kwetu leo," akasema.



Bi Fatma, aliyemlaani yule mume wa senema kuliko sote, akamshika mkono: "Stahamili, mwanangu. Watu watasemaje?"

Zuhura akanitazama mimi.

Nami, semeni mtakalo, nikamvutia buibui, nikalifunika lile jicho.

Tukamsindikiza mtaani kwetu Ng'ambo mpaka mlangoni kwa mumewe.

Njia nzima tukisimuliana senema.