Ulimi Uliojua Kyela

Katika wilaya yetu ya Kisarawe, mtu wa kwanza kurudi kutoka Ulaya na stashahada ya kutengeneza chokoleti ni mimi. Sikubebwa na mjomba. Nilijisomesha kwa kuchoma mkaa. Serikali ikanipanga Kibaha, pasipo na shamba la kakao hata moja, nikae ofisini nikionja sampuli za mazao.

Miaka minne niliomba uhamisho kwenda Kyela, kwenye mashamba ya kakao. Chokoleti nyeusi haifichi kitu. Haina maziwa, na sukari yake ni kidogo, hivyo unaonja udongo, mvua na siku ambazo mkulima amevundika mbegu kwenye majani ya migomba. Ya Kyela ina ukali wa ukwaju. Ya Muheza ni nzito, chungu kama kahawa iliyokaangwa sana. Lakini ladha hiyo huamuliwa shambani, na mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani na vijiko.

Hatimaye mkuu wetu akasema angesaini barua yangu wageni wa wizara wakishaondoka. Kwanza alitaka kuwaonyesha ufundi wangu: vipande vitatu vya chokoleti, nitaje kila kimoja kakao yake imetoka wapi. Asubuhi hiyo dada mpiga chapa akanivuta kando.

"Kaka, leo kosea."

"Mimi?"

"Kosea kimoja tu. Ukipatia vyote, mkuu hakuachii ng'o. Au stashahada itachubuka?"

Wageni wakaketi. Nikaweka kipande cha kwanza ulimini. "Muheza." Cha pili, "Kyela." Cha tatu nilikijua kabla hakijayeyuka. Dada alikuwa mlangoni, amenikazia macho. Ningesema Muheza tu, wiki ile ningekuwa ndani ya basi. Ila mgeni mmoja alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyekwisha kumnasa mwongo.

"Hiki mmechanganya," nikasema. "Na ya Kyela ndiyo nyingi."

Makofi yakalia. Mkuu akatoa barua yangu mfukoni, akaikunja mara mbili.

"Ndugu, ulimi kama huu niwape watu wa Kyela? Utabaki hapa hapa."

Dada akarudi kwenye mashine yake, akaanza kuzigonga herufi kwa hasira. Wageni walitaka maelezo zaidi, nami nikawaeleza kwa kirefu jinsi mvua ya Kyela inavyoacha ukali ule kwenye mbegu. Mvua hiyo sijaiona mpaka leo.