Niliset muziki wa gari kwa siti ya dereva, halafu nikampakia mama mkwe

Wakuu, heshima zenu. Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Ingekuwa chai ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyopata.

Naishi mtaa wa Mabawa, nina kagari kadogo, na sina ulevi mwingine zaidi ya muziki wa gari.

Redio niliyofunga ina kitu kinaitwa time alignment. Unaichelewesha spika iliyo karibu nawe ili sauti yake ifike pamoja na ya mbali. Dereva nakaa kulia, basi spika ya kulia nikaichelewesha na kuipunguza sauti, ya kushoto nikaipandisha. Ukishika usukani, mwimbaji unamwona kabisa kakaa juu ya dashibodi, katikati.

Ukikaa siti ya kushoto je? Sikujua, sijawahi kukaa. Mke wangu alikuwa akilalamika, nikamwambia hana sikio la muziki.

Sasa mke wangu ana mimba ya kwanza. Mnajua desturi ya huku, mimba ya kwanza binti anakwenda kujifungulia kwa mama yake, na mama yake yuko Muheza. Mimi sikutaka aende. Tukapanga na mke wangu nimfuate mkwe aje kututembelea, aone tunavyoishi, kisha nimwombe taratibu yeye ndiye akae kwetu mpaka arobaini iishe.

Nikaenda. Shikamoo, marahaba, nikamfungulia mlango wa mbele, maana mkwe humpakii nyuma kama mzigo. Anapenda taarabu, nikaweka taarabu.

Mama akavuta ushungi, akafunika sikio la kushoto. Nikajua baridi ya AC, nikazima. Akazidi kuegemea upande wangu. Nikasema moyoni, muziki umemwingia huyu. Nikaongeza sauti.

"Mama, unausikia vizuri?"

"Nausikia, baba. Alhamdulillah."

Wakuu, mkwe hawezi kukwambia gari lako linamuumiza, na wewe huwezi kumuuliza mara mbili. Kwa adabu hizo tukafika Pongwe.

Hapo nikaona midomo yake inacheza. Anasema jambo, tena refu. Sikupata hata neno. Kumwambia mkwe "unasemaje?" nikaona ni utovu wa adabu, nikaitikia kwa kichwa. "Naam mama, hakuna shida." Akatabasamu, nami nikatabasamu kama mwenye akili.

Tumefika nyumbani, chai haijapoa, namsikia anamwambia binti yake, "Fungasha, mwanangu. Jumamosi tunaondoka wote. Mumeo nimemwomba ruhusa njiani, karidhia, wala hakusita. Una mume muungwana."

Mke wangu akanitazama. Kauli uliyompa mkwe unairudishaje? Umwambie ulikuwa humsikilizi?

Nikatoka nje, nikaingia garini, nikakaa siti ya kushoto kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Nikawasha. Mwimbaji yumo ndani ya mlango, anagombana na sikio langu. Upande wa kulia kimya kama hakuna spika. Humo ndimo nilimweka mama wa watu kutoka Muheza, na mke wangu miezi yote ile. Niliona aibu peke yangu.

Nikafuta setting zote. Balansi katikati, spika za milangoni nikazipunguza, twita, zile spika ndogo za dashibodi, nikazigeuza zielekee katikati ya gari badala ya kunielekea mimi. Kupima, nikahama siti hii, siti ile, mwisho nikakalia handibreki kabisa ili kichwa kiwe katikati. Jirani akapita, akasalimia, hakuuliza.

Jibu nililopata ni kwamba hakuna setting ya kuwapa wawili mia kwa mia. Mwimbaji kasogea kidogo kulia kwangu, na kidogo kushoto kwa mwenzangu. Kila mtu anapoteza kidogo, ila mnaweza kuongea.

Jumamosi nikawapeleka, mkwe mbele, mke nyuma. Taarabu ile ile, ushungi hakuugusa. "Leo ndiyo nasikia maneno yake," akasema.

Nikapata ujasiri. "Mama, siku ile pale Pongwe sikusikia ulichoniambia."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Hata mimi sikusikia ulichojibu. Niliona kichwa tu."

Matumaini yakarudi. "Basi mama, nilikuwa naomba..."

"Leo nakusikia vizuri," akasema. "Na mwanangu nakwenda naye."

Kurudi nilikuwa peke yangu. Nikajifariji, angalau mwimbaji wangu atarudi dashibodini. Pale Pongwe nikaegesha, nikarudisha setting ya dereva. Kweli, akakaa katikati, safi kabisa.

Nikaitazama siti ya kushoto. Nikamkumbuka mke wangu na hata Mabawa sijafika. Nikairudisha ile ya wawili, na mpaka leo sijaigusa.

Funzo: kabla hujamwambia mtu hana sikio, kakae kwenye siti yake.

Wajuzi wa muziki wa gari, mwenye njia bora ya kuwatosheleza wa siti mbili ashushe hapa. Na kama yupo anayejua namna ya kumwomba mkwe jambo lile lile mara ya pili, huyo aanze yeye.