Maswali ya Msichana wa Bima

Mimi darasa niliishia la pili, lakini kukaribisha mgeni najua. Yule msichana wa kuandikisha watu bima mpya ya afya alipofika kwangu hapa Kibugu na simu yake, nilimwekea chai. Akaniuliza nyumba imeezekwa nini. Nikasema mabati, tena ya rangi. Stima? Ipo, taa zinawaka. Ng'ombe? Nikasema watatu, ingawa mmoja ni wa binti yangu, ameniachia tu nimlishe. Sasa mzee mzima atamlilia mtoto wa watu umaskini? Huku kwetu hilo ni aibu.

"Guka, kumbe wewe ni tajiri!" akacheka, akiniita babu kwa lugha yetu, huku anabonyeza simu.

Nami nikacheka, mjinga mimi. Nilidhani ni kama wale wa kuhesabu watu.

Mke wangu alikuwa anangoja kupasuliwa macho. Tulipofika hospitali, karani akasema bima haifanyi kazi mpaka tulipe ya mwaka mzima kwanza, na sisi tumewekwa kwenye kundi la watu wenye uwezo. Nikauliza ni nani alinipima huo uwezo.

"Ni majibu yako mwenyewe, mzee."

Tukarudi nyumbani na macho yale yale.

Jumapili nikamkuta yule msichana nje ya kanisa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia maswali yale yalikuwa ya kupanga malipo.

"Lakini Guka, hukuuliza."

Mke wangu alikuwa amenishika mkono, anatafuta ngazi kwa mguu. Akamsalimia vizuri, akimuuliza ni mtoto wa nani.