Homa ya Kompyuta ya Gaston

"Ordinateri yangu haiwezi kuungua. Iko najipima homa yeye mwenyewe."

Gaston alitamka hayo mwaka wa 1999 mbele ya kanisa, pale mtaani Panda, misa ikitoka, kwa sauti ya mtu anayetaka hata waliobaki ndani wasikie. Walisikia. Wanafunzi wakawaacha wachapaji wengine, wakamletea yeye azichape kazi zao za kumaliza masomo. Kompyuta yenyewe ilinunuliwa kwa kuuza cherehani ya mkewe, Adrienne. Gaston aliyaita hayo maendeleo.

Oktoba ikaja na joto lake, kompyuta ikaanza kuganda kila alasiri. Gaston anaizima, anaiwasha, anaufungua ukurasa wa vipimo: nyuzi arobaini na moja. Nzima kabisa. Kidogo tu, imeganda tena.

Siku moja alifungua sanduku, akagusa chuma kilichokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Kidole kikatoka lengelenge. Feni ya kukipoza ilikuwa imekufa kwa vumbi, na skrini bado inasema arobaini na moja. Kumbe kipimo kilikaa kando, kwenye ubao wa saketi, kikipima hewa ya jirani. Ni kama kumpima mgonjwa homa kwa kuweka kipimo chini ya mto.

Mlangoni alingoja mwanafunzi, Blandine. Kesho yake angetetea kazi yake mbele ya maprofesa, na kazi yote ilikuwa mle ndani. Sehemu ya kutia disketi ilishaharibika zamani. Akauliza kama mashine iko salama. Gaston akaficha kidole mfukoni.

"Arobaini na moja," akasema.

Akavuta pazia, akamwita mkewe. Adrienne akaja na ungo, akalipepea sanduku wazi huku kurasa zikitoka mojamoja kwenye printa.

"Miaka yote miye napepeaka mbabula ya makala juu moto iwake," akanong'ona. "Leo napepea juu moto izimike. Cherehani yangu, baba Steve, haikuombaka upepo."

Blandine aliondoka akiisifu mashine njia nzima. Kesho yake wakaja wengine.

Étienne, mdogo wake Adrienne, alitumwa Lubumbashi kimyakimya. Akarudi mikono mitupu: feni ile haiuzwi peke yake, lazima ununue prosesa nzima, na pesa yake hawana. Kusema mashine inaumwa, wateja watahama. Kuizima, hakuna bukari mezani. Basi mume anachapa, mke anapepea nyuma ya pazia. Matanga yakitokea, hakuna anayekwenda, maana mmoja akitoka kazi imesimama.

Kufika Noeli, ungo ulikuwa umetoboka.

Ungo mpya, soko la Panda: faranga tatu.